Kwenda Unguja kwa Ajili ya Muziki: Anza Kupanga na Jumatatu

Mwimbaji wa mwisho wa tamasha la Sauti za Busara hushuka jukwaani usiku mkubwa, mara nyingi saa saba imeshapita. Boti ya asubuhi kutoka bandari ya Malindi kwenda Dar es Salaam huondoka kama saa moja. Ukikata tiketi ya boti hiyo kwa sababu Jumatatu una kazi, usiku wa mwisho utakuwa unatazama saa, jukwaa hulioni. Watu wa namna hiyo hawakosekani: saa tano usiku wameshaanza kukusanya mikoba na kuulizana nani ana ufunguo wa chumba, ilhali bendi waliyoifuata kutoka bara haijaunganisha hata nyaya zake.

Ndiyo maana anayesafiri kwenda mji mwingine kwa ajili ya onyesho namshauri jambo moja, na mengine yote yanatoka humo: panga kinyumenyume. Anza na siku utakayorudi kazini. Kutoka hapo rudi kwenye usiku wa mwisho na mahali utakapolala, kisha tiketi, kisha chombo cha kukupeleka. Wengi hufanya kinyume chake. Wanaona tangazo, wananunua tiketi kwa furaha, halafu wanaanza kuhangaika na yaliyobaki wakati bei zimepanda na vyumba vimejaa.

Nachukua mfano wa Unguja kwa sababu kuna bahari katikati. Mtu wa Morogoro anayekwenda kwenye onyesho Dar akichelewa basi moja atapata jingine. Anayevuka bahari hana nafasi hiyo, kwa hiyo mipango yake inabidi iwe imara zaidi, na ukiweza kupanga safari ya Unguja utaweza kupanga ya Nairobi, Kampala au Arusha.

Kwa asiyelijua tamasha lenyewe: Sauti za Busara hufanyika Mji Mkongwe, kitovu chake kikiwa Ngome Kongwe, na kwa kawaida mwezi wake ni Februari. La kwanza lilikuwa mwaka 2004. Limekosekana mwaka mmoja tu, 2016, kwa sababu ya uhaba wa fedha. Hata Februari 2010, wakati Unguja ilikuwa haina umeme wa gridi tangu Desemba iliyotangulia, muziki ulipigwa kwa jenereta. Sharti lake kubwa ni kwamba msanii apige na kuimba moja kwa moja. Hakuna kuwekewa wimbo uliorekodiwa na kuchezesha midomo. Kwangu mimi sharti hilo peke yake linatosha kumtoa mtu Dodoma au Mwanza, kwa sababu siku hizi unaweza kulipa kiingilio cha onyesho kubwa mjini kwako na usione hata ngoma moja jukwaani.

Ruhusa, kalenda na hali ya hewa

Tamasha kwa kawaida huangukia mwisho wa wiki na hufungwa Jumapili usiku. Kwa hiyo Jumatatu haina kazi nyingine isipokuwa kulala, kunywa chai kwa utulivu, na kupanda boti ya mchana au alasiri. Mkaazi wa Dar anahitaji ruhusa ya siku hiyo moja. Mtu wa Dodoma naye, kwa treni ya umeme iliyoanza safari zake za Dodoma Julai 2024, anaweza kufika kwake Jumatatu usiku kama treni za jioni bado zina nafasi, lakini mimi ningemwambia aombe na Jumanne. Wa Mbeya, Mwanza, Kigoma au Songea asijidanganye, Jumanne ni ya safari.

Omba ruhusa mapema na sema ukweli unakwenda wapi. Wanaosingizia msiba huishia kuonekana kwenye picha wakicheza, na bosi naye ana simu.

Kabla ya kuomba siku zenyewe, tazama kalenda ya Kiislamu. Ramadhani hurudi nyuma kwa takriban siku kumi na moja kila mwaka, na katika miaka hii imeingia Februari. Mwaka 2026 ilianza katikati ya Februari, na mwaka 2027 inategemewa kuanza mapema zaidi. Mwezi mtukufu ukikaribia, ratiba za burudani Zanzibar husogezwa, na ndani ya mwezi wenyewe migahawa mingi haifunguliwi mchana. Usichukue tarehe ya mwaka jana ukadhani ndiyo ya mwaka huu. Subiri tangazo rasmi la waandaaji, kisha uombe ruhusa.

Sababu nyingine ya kuacha nafasi mwishoni ni bahari. Februari ni msimu wa kaskazi, na kwa kawaida boti huenda kama zilivyopangwa, lakini upepo ukizidi safari huahirishwa. Likitokea hilo, usigombane na mtu wa dirishani. Tarehe 18 Julai 2012 meli ya MV Skagit ilizama ikitoka Dar kwenda Zanzibar katika bahari iliyochafuka, ikiwa imebeba watu kupita kiasi, na wengi walipoteza maisha. Mwenye siku moja ya akiba husubiri. Asiye na akiba ndiye anayeshawishika kupanda chombo chochote kitakachomwahisha.

Kitanda

Februari ni msimu wa watalii, na tamasha huongeza watu juu ya watu. Vyumba vya Mji Mkongwe hujaa mapema, na vinavyobaki wiki ya mwisho ni vya bei kubwa au vya mbali. Tafuta chumba miezi miwili au mitatu kabla.

Eneo ndilo la kufikiria kwanza. Ukilala Shangani, Vuga, Hurumzi, Kiponda au Malindi, utarudi kwa miguu kutoka Ngome Kongwe kwa dakika chache. Ng'ambo, kwa mfano Kikwajuni, Michenzani au Amani, bei hupungua sana na nyumba za wageni zinazopokea Waswahili wa kawaida ni nyingi, ila saa nane usiku utahitaji gari la kukodi. Kama mko wanne, gari la Ng'ambo linagawanyika vizuri na mtabaki na akiba. Kama uko peke yako, na hasa kama ni mwanamke, mimi ningelipa zaidi nilale karibu. Hoteli za ufukweni za Nungwi, Paje na Jambiani ni nzuri sana, lakini ziko mbali, kaskazini na mashariki mwa kisiwa. Weka ufukwe baada ya muziki, usiuchanganye nao.

Unapopiga simu au kutuma ujumbe, uliza yote kwa mara moja, kwa adabu na kwa uwazi. Kwa mfano:

"Assalaam alaykum dada. Natafuta chumba cha watu wawili kwa usiku wa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili ya tamasha. Bei ya mkaazi ni kiasi gani kwa chumba kizima, na chai ya asubuhi imo? Mlango wenu hufungwa saa ngapi, maana tutarudi baada ya saa saba usiku? Na Jumatatu tunaweza kuwaachia mabegi mpaka alasiri?"

Swali la mlango ndilo watu wengi hulisahau. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za familia, zina mlango mmoja mzito wa mbao na mzee mmoja wa zamu. Akijua utarudi usiku, atakusubiri au atakupa ufunguo. Asipojua utagonga mpaka majirani waamke. Uliza pia kama kuna jenereta au feni inayofanya kazi, kwa sababu Februari kisiwani joto halipumziki hata usiku. Ukikubaliana, tuma malipo ya awali kwa simu, hifadhi ujumbe wa uthibitisho, na omba jina la chumba au namba yake waiandike.

Tiketi

Tamasha hili huuza tiketi kwa viwango tofauti: Mtanzania hulipa kidogo, Mwafrika wa nchi nyingine hulipa zaidi, na mgeni wa mbali hulipa zaidi ya hapo. Ili upate kiwango chako lazima uonyeshe kitambulisho, na langoni wanaweza kukitaka tena. Beba kitambulisho halisi, kwani picha kwenye simu haikubaliki kila mahali, na utakihitaji kwenye boti pia. Wanaonunua mapema hupata nafuu.

Je, ununue tiketi ya siku moja au ya siku zote? Kama unatoka bara, nunua ya siku zote. Umeshalipa nauli, umeshalipa chumba, na hizo ndizo gharama kubwa. Mkaazi wa Unguja ndiye mwenye sababu ya kuchagua siku moja. Ukiingia utafungwa utepe mkononi na hutakiwi kuufungua mpaka tamasha liishe, uoge nao, ulale nao. Usikubali kununua utepe wa mtu mtaani. Ukikataliwa langoni hakuna wa kukurudishia fedha.

Halafu fanya kazi ambayo wengi huiruka: sikiliza. Majina ya wasanii yakitangazwa, tenga jioni chache uwatafute mtandaoni mmoja mmoja. Utakuta bendi za Reunion, Mali, Afrika Kusini, Uganda, na vikundi vya taarabu vya hapohapo kisiwani. Chagua wawili au watatu kwa kila usiku ambao hutakubali kuwakosa, na uache wengine wakushtue. Ukifika ukiwa unazijua nyimbo mbili tatu, mwili unaitika wenyewe. Mwenye kupenda taarabu na asome kidogo habari za Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, na za Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanza mwaka 1905. Atakaposikia kanuni na udi ndani ya kuta za Ngome atajua anasikia kitu chenye mizizi mirefu kuliko jukwaa lililo mbele yake.

Kuvuka

Boti ziendazo kasi kati ya Dar na Unguja huchukua takriban saa mbili. Ndege huchukua chini ya nusu saa hewani, lakini ukijumlisha foleni ya kwenda uwanja wa Julius Nyerere na kukaguliwa, tofauti ya muda si kubwa kama inavyodhaniwa, na bei ni nyingine kabisa. Kwa safari hii napendekeza boti.

Nunua tiketi ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja, dirishani au kwenye tovuti ya kampuni yenyewe. Nje ya ofisi za boti, Barabara ya Sokoine, watakujia vijana wenye kadi shingoni wakikuambia dirisha limefungwa au tiketi zimekwisha ila wao wanazo. Dirisha halijafungwa. Waambie "nimeshapata, ahsante" na uendelee kutembea bila kusimama, wala usimpe mtu kitambulisho chako akushikie. Wachukuzi nao wana namna yao ya kunyakua begi kabla hujasema neno. Kama unataka msaada, patana bei kwanza.

Kwa anayetoka mikoani kwa treni ya umeme, stesheni ya Dar na gati la boti ni mwendo mfupi wa bajaji. Kwa anayeshukia stendi ya Magufuli, Mbezi, hesabu ni nyingine. Mbezi iko mbali na Barabara ya Morogoro asubuhi haina huruma. Usipange kushuka kwenye basi la usiku saa kumi na mbili ukategemea boti ya saa moja. Chukua ya katikati ya asubuhi au ya mchana, na kama huna mzigo mkubwa panda Mwendokasi mpaka Kivukoni, kisha utembee kando ya bahari hadi ulione Kanisa la Mtakatifu Yosefu. Ofisi za boti ziko hapo mbele. Fika saa moja kabla ya kuondoka. Mizigo hukaguliwa na foleni ya Ijumaa ya tamasha ni ndefu.

Kaskazi huvuma kutoka upande unaoelekea, kwa hiyo kwenda huwa na mawimbi kuliko kurudi. Kama hujazoea bahari, usile supu nzito na chapati kabla ya kupanda. Kula kitu kikavu kidogo, meza dawa ya kichefuchefu mapema kama daktari au mfamasia alivyokushauri, na ukae chini, katikati au kuelekea nyuma, ambako chombo hakirukiruki sana. Tazama mbali, acha simu. Tazama pia jaketi la kujiokolea liko wapi kabla boti haijatoka bandarini.

Wasomaji wa Kenya, Uganda, Burundi au Kongo wana la ziada. Andaeni hati ya kusafiria na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na mjue kwamba Malindi kuna uhamiaji: mtakaguliwa tena hata kama mlishagongewa muhuri Namanga, Horohoro au Mutukula. Pia tangu Oktoba 2024 Zanzibar huwadai wageni wa nje bima ya safari inayouzwa na shirika la bima la huko. Ilipieni mtandaoni kabla, ili mkifika msianze kutafuta intaneti bandarini.

Ukishatoka lango la Malindi mapapasi, yaani vijana wanaowatafutia wageni hoteli, watakuuliza hoteli yako. Wengine ni watu wema na wanaijua njia, lakini wanalipwa na nyumba za wageni kwa kila mteja wanayempeleka, na gharama hiyo hukurudia wewe. Njia ya Ngome Kongwe haihitaji mtu. Toka bandarini, shika Barabara ya Mizingani huku bahari ikiwa mkono wako wa kulia. Utaipita Dispensari Kongwe yenye vibaraza vya mbao vilivyochongwa, Mti Mkubwa ambao chini yake watu hupumzika, Kasri la zamani la masultani, kisha Beit-el-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883 na ambayo sehemu yake iliporomoka Desemba 25, 2020. Jengo la mawe lenye minara ya mviringo linalofuata ndiyo Ngome, na bustani iliyo mbele yake ni Forodhani. Ni kama robo saa kwa mwendo wa mtu mwenye begi dogo. Ipite njia hiyo mchana wa kwanza, ili usiku uijue.

Fedha za kikundi

Safari ya watu sita ni nafuu kuliko ya mtu mmoja, na ina furaha zaidi. Lakini safari nyingi za vikundi hufia kwenye michango. Kila mtu anasema "mimi nipo," picha za Forodhani zinatumwa kwenye kundi la WhatsApp, kisha wiki ya kulipia chumba wanabaki wawili.

Chagueni mweka hazina mmoja mapema, asiye na haya ya kudai. Wekeni tarehe tatu: ya kwanza ni mchango wa chumba, ya pili ni tiketi za tamasha, ya tatu ni boti. Asiyelipa kufikia tarehe ya kwanza anahesabiwa hayupo, bila ugomvi, na chumba kinatafutwa cha waliolipa. Na fedha ya chumba isirudishwe kwa anayejitoa baadaye isipokuwa amepata wa kuchukua nafasi yake. Lisemeni hili siku ya kwanza, mbele ya wote. Ukilisema mwishoni utavunja urafiki. Mweka hazina aandike kila shilingi kwenye daftari au kwenye ujumbe ambao kila mmoja anauona: jina, kiasi, tarehe, kimelipiwa nini. Nimeona kikundi kikirudi kutoka safari wakipendana zaidi kuliko walivyoondoka, na sababu kubwa ilikuwa daftari la dada mmoja wa Kihonda aliyekuwa akilisoma kwa sauti kila asubuhi wakati wa chai.

Fedha za mfukoni kila mtu abebe zake. Malipo ya simu yanakubalika sehemu nyingi, lakini Forodhani na kwenye daladala utahitaji taslimu. Toa kabla ya Ijumaa jioni.

Ndani ya Ngome

Lala mchana. Hili nalitilia mkazo kuliko jambo lolote la siku zenyewe, maana watu hufika asubuhi, huzunguka Darajani, Mkunazini na makumbusho juani mpaka alasiri, na saa nne usiku wameketi ukutani macho mekundu. Muziki huanza jioni na huenda hadi usiku mkubwa, siku baada ya siku. Zunguka asubuhi mapema, kula mchana vizuri, pale Lukmaan Mkunazini kwa mfano ambako wali na mchuzi havikufilisi, kisha rudi ukalale mpaka alasiri. Ukiamka pita Jaws Corner ukanywe kahawa chungu, usikilize wazee wakibishana siasa na mpira.

Vaa mavazi mepesi yanayofunika mabega na magoti. Huu ni mji wa Waislamu, na watu wake wamewapokea wageni kwa ustaarabu mkubwa, nasi tuupokee ustaarabu huo kwa mavazi na mwenendo. Ndani ya tamasha kuna uhuru wake, lakini kutembea na chupa ya pombe vichochoroni ni kuwavunjia heshima wenye nyumba. Mkoba uwe mdogo wa kuvuka kifua, ndani yake kitambulisho, chaji ya akiba, khanga au kikoi cha kukalia, na vizibo vya masikio. Vizibo si anasa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba sauti kwenye kumbi za muziki isizidi wastani wa desibeli 100, na ukisimama mbele ya spika kwa saa sita masikio yatalia mpaka ufike kwenu. Kwa watoto havina mjadala.

Usisimame mbele kabisa kama unataka kusikia vyombo. Sauti huwa nzuri zaidi karibu na meza ya mafundi mitambo, kwa kuwa wao hupanga muziki kwa masikio yao wakiwa palepale. Mbele ni pa kucheza. Nenda mbele kwa wale wawili watatu uliowachagua, halafu rudi nyuma upumue.

Kikundi cha taarabu kikipanda, uwe na noti ndogondogo. Mwimbaji akikugusa, nyanyuka taratibu, cheza mpaka mbele na umtunze. Hakuna atakayekucheka, wenyeji ndivyo wafanyavyo, na utamwona mwimbaji akikugeukia na kuurudia ubeti ule kwa nguvu mpya. Kwa simu, rekodi wimbo mmoja kisha uiweke mfukoni. Aliye nyuma yako naye amelipa nauli.

Mtandao wa simu huzidiwa watu wakiwa wengi, kwa hiyo kikundi kiwe na mahali pa kukutania na saa ya kukutana, mathalani langoni kila siku saa nne usiku, na tena onyesho la mwisho linapomalizika. Njaa ikikupata, Forodhani iko mlangoni: mishkaki, ngisi, juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, na urojo kwa anayejua kula urojo. Uliza bei kabla ya kuchukua sahani, na samaki mchague aliyewekwa moto mbele yako. Wakati wa kurudi kulala, tembeeni pamoja, mkifuata njia zenye taa na watu, hata kama kichochoro kinafupisha.

Jumatatu yenyewe

Amka bila kengele. Acha begi kwa mwenyeji, nenda ukanywe chai, nunua karafuu na kashata za nyumbani, na kama kuna msanii aliyekugusa, mtafute mtandaoni ununue kazi yake, kwa kuwa wengi wa wanaopanda jukwaa lile hawaishi kwa redio. Saa moja na nusu kabla ya boti uwe umeshaanza kuelekea Malindi. Mchana ule boti hujaa watu wa tamasha, wengi wamelala vichwa vikiwa mabegani mwa wenzao, na wewe utalala pia, kwa kuwa ulijipa siku ya kulala.

Tarehe za tamasha lijalo hutangazwa miezi mingi kabla. Siku utakapoziona, jioni ileile andika barua ya kuomba ruhusa ya Jumatatu, kabla hujamwambia mtu yeyote kwamba unakwenda.